Kadi moja ya thamani: ishike kwanza

Kadi ya Pokémon (mchezo wa kadi ambazo watu hukusanya) ya bei kubwa, kama haijapimwa ubora na kufungwa kwenye kasha na kampuni ya aina ya PSA, msiinunue kwa picha. Mikwaruzo ya uso unaong'aa haionekani kwenye picha ya simu, na ndiyo inayoshusha bei.

Mkikutana na muuzaji Kampala, mwombe aitoe kwenye kifuko, kisha sogeeni penye mwanga wa jua. Iinamishe taratibu ili mwanga upite kwa mshazari. Igeuze: kingo za buluu za nyuma huchubuka mapema, weupe ukaanza kujitokeza kwenye kona. Nenda na kadi yako ya bei ndogo unayojua ni halisi, uzilinganishe. Vipimo ni milimita 63 kwa 88. Ikipungua hata kidogo, huenda imekatwa ili kuficha kona mbovu. Zimulike zote mbili kwa tochi ya simu kutoka nyuma. Bandia nyingi hupitisha mwanga zaidi, kwa kuwa hazina ile tabaka nyeusi katikati ya karatasi. Kuipinda kadi ya mtu ili kuijaribu ni kuiharibu.

Kwa posta, agiza zilizopimwa, au za bei ndogo nyingi kwa pamoja. Kodi ya ongezeko la thamani ya Uganda, asilimia 18, hupigwa juu ya thamani pamoja na ushuru. Ukiongeza nauli, kadi moja ya bei rahisi si rahisi tena. Namba ya PSA iliyo kwenye kasha itafute kwenye tovuti yao, lakini msiishie hapo: namba halisi huweza kunakiliwa kwenye kasha bandia. Dai video ya kadi ikiwa kando ya karatasi yenye tarehe ya leo kabla ya kutuma mobile money, maana ikishaondoka kuirudisha ni shida.

Mweleze muuzaji namna ya kufunga: kifuko laini kwanza, halafu jalada gumu, mdomo uzibwe kwa tepu ya karatasi, kisha vipande viwili vya kadibodi vipana kuliko jalada. Bila kifuko laini, kadi husuguana na jalada njia nzima. Mpira wa kufungia hubonyeza kingo. Mzigo wa basi kutoka Nairobi hulaliwa na magunia, kwa hiyo ongeza kiboksi.

Rekodi video unapofungua. Kadi ya foili (yenye utando unaong'aa) ikiwa imejikunja kidogo, ni unyevu: karatasi huunyonya, foili hainyonyi. Mstari wa mkunjo ni jambo jingine. Huo mdai muuzaji siku hiyohiyo.