Bethesda 3: sio kansa, sio salama

Mlionijia inboksi kuuliza habari ya uvimbe wangu wa thairoidi, ile tezi ya shingoni, majibu ya sindano ya pili ya kuvuta seli yametoka na ni yale yale, Bethesda 3. Nimelala tena na mto chini ya mabega, shingo juu, naambiwa usimeze mate, na ukiambiwa hivyo ndo mate yanajaa, halafu naletewa karatasi inasema seli zina mashaka.

Biopsi ya thairoidi, yaani hiyo sindano, inapewa namba za Bethesda, 1 mpaka 6. 1 sampuli haikutosha, 2 uvimbe hauna shida, 6 ni kansa. Kwa sisi wa 3 dokta anasema kati ya wanaopasuliwa, kama mmoja kwenye watano hivi ndo anakutwa nayo.

Shemeji anasema maabara wamezembea. Hapana bwana. Sindano inavuta seli chache tu, na kuna kansa ya thairoidi inaitwa folikula, seli zake zinafanana kabisa na za uvimbe wa kawaida, hawaijui mpaka uvimbe utolewe mzima waangalie kama umetoboa ganda lake au umeingia kwenye mishipa ya damu. Sasa sindano italionaje ganda? Marekani wana vipimo vya jeni za hizo seli vinavyosaidia kuamua, nilivyotajiwa bei nikacheka tu.

Mama mdogo yeye anasema toa tezi yote upumzike. Nipumzike wapi mama, ukitoa yote ni vidonge vya levothairoksini, homoni ya kuziba pengo la tezi, kila asubuhi maisha yako yote, tena tumbo tupu, chai isubiri. Wakitoa nusu, wengi ile iliyobaki inawatosha. Na neva ya sauti imepita hapo hapo nyuma ya tezi na mimi kwaya naimba soprano!

Kwangu uvimbe una sm 1.8, kingo zake laini, hamna vichembe vya chokaa, TSH (homoni inayoiamrisha tezi) iko sawa, kwa hiyo tumekubaliana ultrasaundi baada ya miezi 6, ukikua au ukibadilika sura wanatoa nusu.

Na wewe ukiambiwa mashaka, usitoke bila kopi ya ripoti yenye namba na vipimo vya uvimbe, mimi ultrasaundi ya kwanza kabisa waliandika "uvimbe upo upande wa kulia", saizi hamna, sasa hata kama umekua tunalinganisha na nini?