Uso wa Mfalme hauonekani

Jana usiku nimeangalia filamu ya Kijapani ya 1967, Nihon no ichiban nagai hi, inayohusu saa za mwisho kabla Japani haijatangaza kusalimu amri, Agosti 15, 1945. Toshiro Mifune anaigiza Anami, Waziri wa Vita. Anapojipasua tumbo, jamani, nililia. Nilipotulia ndipo nikakasirika: kwa nini nimlilie yeye? Mamilioni waliouawa China katika vita ya Japani hawana sura humo. Na Mfalme Hirohito tunamwona kwa mgongo au kwa mbali tu! Toleo la 2015 limemwonyesha uso, lakini kama mpole anayesimamisha vita. Walioiruhusu vita dhidi ya Marekani na Uingereza Desemba 1941, yeye akiwa kwenye kiti chake, tutawaona lini?