Laptop ina madoa kwenye kioo, ninunue ama niwache?

Kijana mmoja wa Langoni, hapa Lamu, anayeuza laptop za mtumba alinitumia picha za MacBook Pro ya inchi 15, ya mwaka 2015, anataka elfu arobaini na nane, na picha zote kazipiga kioo kikiwa kimewaka, mbele kumewekwa rangi nyeupe pee kama kanzu ya Ijumaa. Anayejua hizi mashine ashaelewa hapo hapo. Nkamwandikia, "Kaka, izime hiyo laptop alafu unipigie picha nyengine karibu na mlango." Kimya. Baadae ndo ananijibu, "Dada wewe njoo tu uione, picha hazionyeshi vizuri."

Haya nikaenda. Duka lake liko kwenye kichochoro hata jua la saa sita haliingii, nkamwambia tuitoe nje tuiweke pale barazani. Ikiwa imezimwa ukiinamisha kioo kidogo upande wa jua unaona kila kitu: katikati kuna baka pana la mraba, size ya tachipedi haswa, juu yake mistari ya vimraba vidogo vidogo vya kibodi, unaweza hata kuhesabu herufi ukitaka, na kule juu karibu na kamera kumebambuka kabisa, pembeni mwa baka kuna rangi rangi kama za mafuta yaliyomwagika. Tukaiwasha akaweka ile nyeupe yake, madoa yakapotea karibu yote. Nikafungua picha ya usiku, jahazi na giza tupu, yakarudi.

"Ni uchafu tu huo dada, ukipangusa unatoka." Kaka, hautoki. Lakini pia mimi si wa kukimbia mashine kwa sababu ya hilo doa, na hapa ndo watu wengi wanaonitumia picha wakiniuliza ninunue nisinunue huwa hatuelewani, manake wao wanaliangalia doa na mimi naangalia kwengine kabisa.

Kwanza hiyo kitu ni nini. Kioo kitupu kinarudisha kama asilimia 4 ya mwanga unaokigonga. Inasikika ndogo, lakini kaa na dirisha nyuma yako alafu ufungue picha nyeusi, hiyo asilimia 4 ndo uso wako na mnazi wa jirani vinavyokukalia juu ya kazi. Kwa hiyo kiwandani wanapaka utando juu ya kioo, mwembamba mno, unapimwa kwa nanomita, unywele wa kichwani ni mnene kuushinda mara mamia. Huo utando haufyonzi mwanga. Kinachotokea ni kwamba mwanga mmoja unarudi kutoka juu ya utando, mwengine unarudi kutoka chini yake, na unene umepimwa makusudi ili hayo mawimbi mawili yarudi yakiwa yamepishana, moja likipanda lengine linashuka, yanauana. Miwani ya macho yenye ule mng'ao wa kijani ama zambarau ukiigeuza ni kazi hiyo hiyo, na kama unavaa miwani ya aina hiyo na umewahi kuifuta na ncha ya shati lenye mchanga unajua inavyokuwa.

Sasa utando ukitoka mahali, pale mwanga unarudi, na pale pengine uliobaki haurudi, jicho linashika ule mpaka wa kati. Ndo maana doa linaonekana baya kuliko lilivyo. Picha yenyewe chini ya kioo haijaguswa, rangi ziko sawa, zile pikseli 2880 kwa 1800 zote ziko zinafanya kazi. Kilichoharibika ni ngozi ya nje tu.

Na si mashine moja wala mtu mmoja. Apple walileta hizi skrini za Retina, zile zenye picha kali sana, kwenye MacBook Pro mwaka 2012, na kufika 2015 wenye nazo walikuwa wamelalamika mpaka shida yenyewe ikapewa jina, Staingate, yaani kashfa ya madoa. Mwezi wa 10 mwaka huo huo kampuni ikaanza kubadilisha vioo bure, kimya kimya, hawakuitangaza kwa umma kama wanavyotangaza mambo mengine, na baadae muda ukawa miaka minne tangu siku mashine iliponunuliwa mara ya kwanza. Kwa hiyo muuzaji akikwambia "hii Apple wanabadilisha bure," mwambie asante alafu piga hesabu: hiyo ya inchi 15 ya 2015 iliuzwa madukani mpaka 2018, hata kama ilinunuliwa siku ya mwisho kabisa miaka minne iliisha 2022. Hakuna cha bure hapo. Na kioo hakiuzwi kioo peke yake, fundi anabadilisha mfuniko mzima wa juu, bei yake kwa mashine ya umri huo haina maana, bora ununue laptop nyengine.

Kwa nini inatokea? Mfuniko ukifungwa vitufe vinagusa kioo, na juu ya vitufe kuna jasho na mafuta ya vidole, laptop inatiwa kwenye begi inabanwa, ina joto, inakaa hivo siku nzima, ndo ile ramani ya kibodi unaiona. Alafu kuna wale wanaofuta kioo na dawa ya kusafishia madirisha, ile yenye ammonia, hao wanaumaliza utando wenyewe kwa mkono wao. Huku kwetu kuanzia mwezi wa 12 mpaka wa 3 jasho halikauki hata ukiwa umekaa kitako chini ya panga la feni, sasa fikiria vidole vya mtu anayefanya kazi kwa laptop mchana kutwa. Kitambaa laini, maji kidogo, futa, na vitufe pia uvifute kabla hujafunga. Bas.

Dawa yake ya kienyeji ipo. Kama doa liko kila mahali, watu wanautoa utando wote uliobaki, manake kioo kikiwa kitupu chote hakuna tena mpaka wa kuonekana. Wanatumia ile dawa ya kusukutua mdomo, Listerine na ndugu zake, wengine bekingi soda iliyolowanishwa kidogo, na kitambaa cha maikrofaiba, unasugua taratibu kwa duara mpaka ile ngozi iachie. Inafanya kazi kweli, na mashine inatoka inang'aa utadhani mpya. Usimwage maji juu ya kioo lakini, lowanisha kitambaa, kikamue, kisha ndo usugue, manake tone likiteremka mpaka pembeni likaingia ndani ya mfuniko hapo umejitafutia kesi nyengine.

Ila sasa ujue unanunua nini baada ya hapo: unanunua kioo cha kujitazama. Ndani ya chumba, dirisha mbele yako, mapazia yameteremshwa, hutaona tofauti. Mimi kazi zangu ni kadi za harusi na mabango ya nyumba za wageni, na mchana nakaa darini juu chini ya makuti kwa sababu ndani hakukaliki, na hapo jua linapiga kutoka baharini na kutoka kwenye kuta nyeupe za jirani. Kioo kitupu hapo ni mateso, utaongeza mwanga wa skrini mpaka mwisho na betri itaisha kabla ya adhuhuri. Mtu anayechapa barua ofisini hilo halimhusu. Kwa hiyo swali la kwanza ni wewe unafanyia kazi wapi, na hili sijawahi kuulizwa na muuzaji hata mmoja, wao wanauliza tu una ngapi.

Na tafadhali, hiyo habari ya kusugua ni ya skrini zenye kioo mbele. Laptop nyingi za maofisi zinazoletwa kutoka nje, zile ambazo skrini haing'ai, mbele yake hakuna kioo, ni plastiki, na ule ukavu wa kutong'aa ni sehemu ya plastiki yenyewe. Ukienda kuisugua na bekingi soda umeimaliza. Alama za vitufe ukiziona kwenye skrini ya namna hiyo mara nyingi ni mafuta tu, jaribu kitambaa chenye unyevu kidogo, kama hazitoki basi ni mikwaruzo, punguza bei ama uwache.

Kuna na madoa ambayo si ya utando kabisa, hayo ndo ya kukimbia. Weka nyeupe uangalie kama kuna wingu jeupe zaidi ama jeusi sehemu moja, hiyo ni skrini iliyobanwa na kitu kizito, imeumia ndani. Weka kijivu utafute mistari. Na kwenye MacBook Pro za kuanzia 2016 fungua mfuniko taratibu mpaka mwisho: ukiona taa zinatoka chini kama za jukwaani, ama skrini inazima ukifika pembe fulani na kuwaka ukirudisha, huo ni waya wa taa unaopita kwenye bawaba, umechoka. Hiyo Apple waliikubali 2019 kwa ile ya inchi 13 ya 2016. Za 2015 kurudi nyuma hazina shida hiyo, ndo moja ya sababu mimi bado nazitafuta, hiyo pamoja na tundu la memori kadi, la HDMI na USB za kawaida, sio mpaka ubebe mfuko wa adapta kila unapokwenda.

Turudi kwa ile ya Langoni. Nilipoiweka barazani, pale penye saruji iliyolainishwa vizuri, nikaigusa kona moja na kidole na ikacheza. Tik. Nikagusa kona ya pili, tik. Nkaisogeza mahali pengine isije ikawa baraza ndo bovu, ikacheza vile vile. Tachipedi ukibonyeza upande wa chini haiitiki vizuri. Yule kaka bado ananielezea kuhusu madoa, kwamba atanipunguzia elfu tatu kwa ajili ya madoa, na mimi hata simsikii tena, manake hiyo ni betri imevimba, inasukuma mfuniko wa chini na tachipedi. Na mfano huo huo, inchi 15 ya 2015, zilizouzwa hasa kati ya Septemba 2015 na Februari 2017, Apple waliziita zirudi zibadilishwe betri mwezi wa 6 mwaka 2019 kwa sababu zinaweza kupata moto, mpaka mashirika ya ndege yakaonywa. Kuna ukurasa wao unaweka siriali namba wanakwambia kama yako imo. Tukaiangalia, yake haimo, lakini iliyovimba imevimba, iwe kwenye orodha isiwe.

Nikamwambia, "Kaka, madoa si kitu, haya ntayatoa mwenyewe. Hii betri ndo sitaki hata ilale ndani ya nyumba yangu." Akacheka, akasema mbona inawaka na inakaa na chaji. Inakaa, ndio.

Mengine nikayaangalia harakaharaka. Matundu ya pembeni niliyamulika na tochi ya simu, huku pwani chumvi inakula vyuma kimya kimya na mashine iliyokaa sana karibu na bahari unaikuta na ukungu wa kijani ndani ya tundu, hii ilikuwa safi, inaonekana haijakaa huku sana. Nikamwomba afute kila kilichomo ndani ianze upya kama mpya mbele yangu, ikiwa imeunganishwa na intaneti, manake nyingi za hizi zilikuwa za makampuni huko zilikotoka na ukishaianzisha inatoa ujumbe kwamba inasimamiwa na kampuni fulani, hapo umenunua laptop ya watu. Haikutoa. Ram, ile memori ya kufanyia kazi, ni GB 16, imechomelewa haiongezeki lakini inatosha. Mfumo wa kuendeshea mashine ndo mwisho wake ni macOS Monterey ya 2021, haipandi tena kwa njia ya kawaida, na hilo kwangu mimi lina uzito kuliko doa lolote, manake programu za kazi zinazidi kudai mfumo mpya kila mwaka na siku moja itakataa. Kwa mwanafunzi wa kuandika na kutazama video itamtosha miaka kidogo, ama mwenye kujua anaweka Linux, mfumo mwengine wa bure, maisha yanaendelea.

Kwa hiyo nlimpa masharti yangu: abadilishe betri kwa fundi anayejulikana, Mombasa kama hapa hakuna, aniletee risiti na nione imekaa sawa juu ya meza, na bei ni elfu thelathini, kwa sababu kioo hicho ntakuwa natumia ndani tu na Monterey ndo mwisho wa safari. Akaniambia dada unaniua. Akashuka mpaka arobaini bila betri. Nkamwambia bila betri hata kumi sitoi, na nkamshauri asiichaji usiku dukani akiwa hayupo.

Sijainunua mpaka sasa. Jana kanitumia ujumbe kwamba kuna mteja wa Shela anaitaka kwa arobaini na mbili na hajali madoa. Nkamjibu amwambie huyo mteja habari ya betri kabla hajapokea pesa, akaweka tiki mbili za bluu na hajaandika kitu.