Ziwa lilipofungwa na baba watoto akakaa nyumbani

Mimi na mume wangu tuliishi miaka 11 tukipishana mlangoni. Yeye ni mvuvi wa dagaa, na dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku wa giza: taa zinawashwa juu ya maji, samaki wanaufuata mwanga, wavu unainuliwa kutoka chini. Jua likizama anashuka mwaloni, pale ufukweni vyombo vya uvuvi vinapoegeshwa. Asubuhi anarudi amelowa, anakula, analala, na mimi ndiyo kwanza naanza siku. Watoto wetu walikua wakijua kwamba mchana nyumba yetu ni ya kunong'ona. Tulikuwa tunakutana wakati wa mbalamwezi tu, zile siku chache za mwezi ambazo taa za wavuvi hazifui dafu mbele ya mwanga wa mwezi, na hizo nazo nyingi aliziishia ufukweni akishona nyavu.

Tarehe 15 Mei 2024 ziwa likafungwa. Nchi zinazolizunguka, sisi, Burundi, Kongo na Zambia, zilikuwa zimekubaliana kulipumzisha, na kwa upande wetu uvuvi ulisimama miezi mitatu, mpaka tarehe 15 Agosti, ili samaki wazaliane na wakue. Kijiji chetu kiko kaskazini ya Kigoma mjini, upande wa Gombe, mahali pa kufika kwa boti, na karibu kila mlango unakula kutoka ziwani. Vipe, mitumbwi yetu ya kuvulia dagaa, vikavutwa nchi kavu. Chanja za kuanikia dagaa zikabaki tupu. Wanaume wakarudi majumbani, wote kwa mpigo.

Nasimulia tulivyoishi ile miezi kwa sababu nimeona nyumba za wenzangu zilivyotikisika, na najua kilichotushika sisi. Kilikuwa ni kicheko, na kicheko chenyewe kilikuwa na mpangilio wake.

Kilianza usiku wa tatu. Mwili wa mvuvi hausikii tangazo. Saa nane usiku mume wangu akaamka, akatoka nje kulitazama ziwa, akarudi ndani, akaona bora amalizie kushona wavu. Akawasha taa mbili za sola za kwenye kipe, zile za kuitia dagaa, akaketi nazo sebuleni. Kuku wetu wanalala jikoni, na kati ya jiko na sebule kuna ukuta wa matete tu. Jogoo akaona kumekucha, akawika. Wa jirani akamjibu, wa nyumba ya tatu akapokea, na kabla sijaipata kanga yangu gizani upande wetu wote wa kijiji ulikuwa unawika. Nikasikia ufagio. Jirani yangu, mwanamke asiyependa jua limkute kitandani, alikuwa anafagia uwanja saa nane na nusu ya usiku.

Mama mkwe naye alikuwa ameshatoka na birika lake la kutawadhia. Amesimama uani, uso ameuelekeza kwenye milima, upande wa mashariki, anatafuta weupe wa alfajiri. Akangoja. Mwisho akasema taratibu kabisa, kama mtu anayemsikitikia mgonjwa:

"Leo jua limechelewa."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mume wangu naye, sindano ya nyavu mkononi, akacheka akapaliwa. Nikamtazama usoni kwenye ule mwanga mkali, na nikajua kwamba kwa miaka yote ile sikuwa nimeuona vizuri uso wake akicheka.

Kufika wiki ya pili alikuwa ameanza kuikagua nyumba. Anahesabu kuni. Anauliza mtungi kwa nini uko kushoto na siyo kulia. Anasimama mlangoni mwa jiko wakati napika, kimya, anatazama. Sikumwona mbaya, naomba hilo lieleweke. Yeye ni nahodha, ana vijana chini yake, na kwenye kipe kila kitu kina mahali pake kwa sababu gizani unakitafuta kwa mkono. Aliona jiko langu kwa jicho hilo. Ila jiko langu lina miaka 11 na mimi ndiye ninayelijua.

Siku moja natoka kufua, nakuta jiko limefungwa kama shehena. Mwiko, upawa, kipekecho, vifuniko, kila kimoja kimening'inizwa ukutani kwa uzi wa wavu, na fundo ni lile la kivuvi ambalo ukilivuta linazidi kukaza. Sikulitilia maanani mpaka maji ya ugali yalipochemka na nikawa nimeshamwaga unga. Ugali wa muhogo haungoji mtu. Ukichelewa kidogo unashika mabonge, na mabonge yale hayavunjiki tena. Nikanyoosha mkono kwenye mwiko, hautoki. Nikatafuta kisu nikate uzi. Kisu nacho kimefungwa. Nikaushika mwiko kwa mikono miwili nikauvuta kwa nguvu zangu zote, ukakatikia shingoni.

Binti yetu Doto alikuwa mlangoni ameona kila kitu. Akatoka mbio: "Bibi! Bibi! Mama amevunja mwiko!"

Bibi yuko kwenye mkeka chini ya mwembe, ungo wa maharage mapajani. Mtu wa umri wake ukimwambia mwiko, hafikirii kijiti cha kusongea. Anafikiria makatazo ya wazee, yale ukiyakiuka mvua inakataa. Ungo ukamwanguka, maharage yakatawanyika.

"Mwiko gani? Mwanangu, umevunja mwiko gani na jua hili?"

Nikatoka jikoni na kipande mkononi, unga umenijaa mpaka kwenye viwiko. Akakitazama kile kipande. Akanitazama mimi. Akauliza nani aliyeufunga, na Kulwa, pacha wa Doto, ambaye hajawahi kuulizwa mara mbili, akamwonyesha baba yake kwa kidole. Bibi akaanza kutikisika mabega kabla sauti haijatoka, akafuta machozi kwa ncha ya kanga, kisha akahukumu:

"Aliyeugeuza mwiko ukawa mwiko, ndiye atakayesonga jioni ya leo."

Na alisonga. Nahodha mzima alichutama jikoni na kipande kifupi cha mwiko, vidole karibu na mvuke, anageuza, anapuliza mkono, anageuza. Ugali ule tuliula wote na hakuna aliyesema neno juu ya mabonge.

Usiku ule nililala nikiwaza. Mimi ni Mnyamwezi wa Urambo, na kwetu nimelelewa kwenye utani. Najua kwamba kuna maneno ambayo mdomo mmoja hauruhusiwi kuyasema na mdomo mwingine unaruhusiwa. Mimi kumwambia mume wangu mbele ya mama yake, "Niachie jiko langu," ni kumvunjia heshima. Kutaniana na mama mkwe siwezi kabisa. Mpaka leo ninampa maji nimepiga magoti. Lakini bibi na wajukuu hawana mpaka. Kitindamimba wetu, mwenye miaka minne, bibi anamwita "mume wangu", na Doto anamwita "mke mwenzangu", na wanagombea huyo mume kutwa nzima. Kwa hiyo njia ilikuwepo ndani ya nyumba siku zote, nami sikuwa nimeipita.

Kesho yake mume wangu alipohamisha tena mtungi sikusema kitu. Nilimwambia Doto tu, "Kamshtakie mke mwenzio."

Tukaanza hivyo. Kila jioni baada ya kula bibi alikuwa akikunja miguu kwenye mkeka na kuuliza, "Nani ana kesi?" Lalamiko langu la mchana lilikuwa linafika pale limeshavaa nguo nyingine. Kulwa analicheza kwa vitendo, anaiga baba anavyohesabu kuni akisugua kidevu, na mwenyewe baba anacheka huku amelipokea. Mume wangu naye aliijua njia upesi. Yule wa miaka minne akasimama jioni moja, mikono nyuma, akatoa shitaka alilofundishwa: kwamba mama akikutana na jirani bombani, maharage nyumbani yanaungua. Nikatozwa faini ya kupukuchua debe la mahindi. Nililipa.

Kesi iliyotuchekesha kuliko zote ni ya dagaa. Nilikuwa nimeweka nusu gunia la dagaa wakavu tangu kabla ya ziwa kufungwa, nimelitundika kwenye dari ya jiko, na nikawa nawapima kwa bakuli ili wafike Agosti. Mwezi Juni nikaona gunia linapungua nisipotia mkono. Paka akashtakiwa. Akaletwa mkekani kifuani mwa Kulwa, na kila mtu akatoa ushahidi dhidi yake, mume wangu kwa sauti kubwa kuliko wote: alimwona kwa macho yake juu ya dari. Bibi alikuwa karibu kuhukumu. Doto akanyanyua mkono, akaingia sebuleni, akarudi na kikombe cha bati alichokikuta nyuma ya zile taa za sola. Ndani yake kulikuwa na vichwa vya dagaa, vingi, vikavu, vimepangwa vizuri.

"Bibi," akasema, "paka gani anachambua vichwa?"

Kimya. Paka akaruka akaenda zake. Mume wangu akatazama juu kwenye mwembe kama mtu anayesoma kitu huko. Kumbe kila saa nane usiku njaa ya kazini inamwamsha, anakaanga konzi moja kwenye moto wa majivu na kula peke yake gizani. Bibi alimtoza kumwomba paka radhi, na akamwomba. Mimi baada ya hapo nikawa namwachia kiporo kwenye sahani, nimekifunika, pembeni ya taa. Hilo halikusemwa mkekani.

Siku moja kicheko kilitushinda. Ilikuwa Julai, deni la duka limekua, na watoto wanataka sare. Nilimwuliza habari ya pesa mbele ya watu, kwa ukali. Hakujibu. Alishuka mwaloni akalala ndani ya kipe kilichovutwa mchangani, usiku wote. Asubuhi hakuna aliyeuliza nani ana kesi. Bibi aliniita peke yangu, na hakunitania. Akaniambia kwamba mwanawe ameanza kuchekwa ufukweni, kwamba nahodha sasa anasonga ugali na kuomba radhi paka, na kwamba maneno yale yametoka bombani, kinywani mwangu.

Ilikuwa kweli. Niliyasimulia kwa furaha, nikidhani nagawa furaha. Niliumia sana. Nilimfuata mume wangu mwaloni, nikakaa kando ya kipe, nikamwomba msamaha bila mtoto wa kunisemea. Tangu siku ile ya mkekani yakawa ya mkekani. Haya ninayoyaandika leo nimemsomea kwanza, na amekubali yote. Ametaka jambo moja tu liongezwe, kwamba vile vichwa vya dagaa havikuwa vingi kiasi hicho.

Deni lilipungua kwa mawese. Tuna michikichi michache mlimani, na kila mwaka nilikuwa natengeneza mafuta ya kutumia nyumbani tu kwa sababu sina mtu wa kunishusha mikungu. Mwaka ule nilikuwa naye. Alikata, akabeba, tukaiacha mikungu siku kadhaa chikichi zilegee, tukachambua, tukachemsha kwenye pipa, tukakamua kwenye mashine ya kukodi ya kuzungusha kwa mkono. Nilipakia ndoo za lita 20 kwenye boti la abiria kwenda kuuza mjini. Sare zilinunuliwa.

Tarehe 15 Agosti ikafika. Toka mchana mume wangu alikuwa amepaka kipe lami, taa zimechajiwa, vijana wake wamekaa mchangani wamevaa makoti. Jua likazama. Na mwezi ulikuwa tayari uko juu ya milima, mkubwa, umebakiza siku nne tu kujaa, ziwa lote linang'aa kama sahani ya bati. Taa gani itamwita dagaa kwenye mwanga ule? Wanaume wakasimama wakatazamana.

Bibi alikuwa ameletewa kigoda ufukweni aone vipe vinavyotoka. Akautazama mwezi, akawatazama wale makoti.

"Serikali imefungua," akasema, "mwezi umefunga."

Ufukwe mzima ulicheka, wanaume kwa wanawake, na mume wangu akacheka pamoja nao. Tukarudi nyumbani, na jioni ile kulikuwa na kesi moja: Kulwa aliushtaki mwezi.

Alikuja kutoka baadaye, mwezi ulipopungua. Kabla ya kushuka mwaloni aliingia jikoni na mwiko mpya aliouchonga mwenyewe kwa wiki mbili, mpini mrefu, kichwa kipana. Akautundika ukutani kwa uzi wa wavu. Nikaenda kuujaribu akiwa bado yuko mlangoni. Nilivuta ncha ya uzi mara moja, fundo likafunguka.