Mkono wa Koti Ukiishia Njiani

Kwenye kilele cha The Cobbler, mlima ulioko Arrochar hapa Uskoti, kuna jiwe la mwisho lisilopandwa moja kwa moja. Unainama, unapenya kwenye tundu lililotoboka katikati ya mwamba, unatokea upande wa pili kwenye ukingo mwembamba, halafu unanyoosha mikono juu kutafuta pa kushika ujivute. Wenyeji huita kutunga sindano. Mlima wenyewe ni mita 884 tu. Ukipima toka usawa wa bahari, kilele chake hakipishani sana na Moshi mjini. Mimi niliyelelewa Machame, chini ya mlima wa mita 5,895, niliuchukulia kama kilima cha kupanda asubuhi na kurudi mchana.

Ilikuwa Oktoba, mvua inakuja kwa ubavu. Nilipenya tundu vizuri, nikasimama ukingoni, nikainua mikono. Hapo hapo koti likapanda nami. Pindo lililokuwa kiunoni likafika mbavuni, mikono yake ikarudi hadi karibu na kiwiko, na upepo ukanipiga mgongoni kwenye ngozi tupu. Maji yaliyokuwa yakichuruzika mwambani yakaingia mkono wa kulia, yakatambaa mpaka kwapani. Vidole vilipoanza kufa ganzi nikamwambia mwenzangu tunarudi. Nilirudi kwa tundu lile lile, kilele kikiwa juu yangu kama kimo cha mlango.

Nina sentimita 198, yaani futi sita na nusu. Nyumbani waliniita Ngongoti toka darasa la tano. Kabla ya kuja huku nilikuwa mgumu, mpagazi wa Kilimanjaro, kwa misimu minne, kwa hiyo kuvaa nguo fupi mlimani hakukuwa kugeni kwangu. Jaketi langu la kwanza nililichambua mwenyewe kwenye mitumba ya soko la Memorial, Moshi, na nililichagua kwa sababu moja: mikono yake ilikaribia kufika. Kwenye ukuta wa Barranco, pale unapopanda kwa mikono na miguu, mkono mmoja ulishika mzigo kichwani na mwingine ukatafuta jiwe, na mkono wa jaketi ukarudi nyuma kila mara. Nikazoea. Mgumu wa kimo cha kawaida akikosa nguo ana pa kukimbilia, maana KPAP, shirika la kusaidia wapagazi pale Moshi, huwaazima nguo za mlimani bure. Lakini nguo hizo nyingi zimeachwa na wageni, na wageni wenye kimo changu ni wa kuhesabu.

Nilichokuwa sikijui ni kwamba baridi la nyumbani lilikuwa linanionea huruma. Kule kambi ya Barafu, zaidi ya mita 4,600, baridi ni kali lakini ni kavu. Ngozi ikibaki wazi kidogo inauma, unaificha, unaendelea. Hapa Uskoti baridi linakuja na maji, na maji huondoa joto la mwili haraka mara 25 hivi kuliko hewa. Sentimita tano za kifundo cha mkono zilizobaki wazi ni mlango. Maji yakishaingia, fulana inalowa, sweta linalowa, na hakuna tena nguo ya kukutetea hata kama uliinunua kwa mshahara wa nusu mwezi. Ndiyo maana nakasirika nikisikia mtu akisema sisi warefu tunahangaikia kupendeza.

Baada ya siku ile nilikwenda dukani Glasgow. Muuzaji alinitazama toka juu hadi chini, akaniletea XXL. Nikaivaa. Mikono ilikuwa bado mifupi, na tumboni pangeingia mtu mwingine. Akasema unakaza tu kamba za kiunoni. Nikanunua, kwa sababu sikuwa na hoja ya kumjibu.

Hoja nimeipata baadaye, na naiandika hapa kwa ajili ya kila mrefu anayesoma. Viwanda huchora nguo ya saizi moja ya katikati, kisha huikuza. Wakiikuza, upana unaongezeka sana na urefu kidogo. Nilichukua futi ya cherehani nikapima makoti matatu ya aina moja, toka mfupa wa shingo nyuma, kupitia bega, hadi mwisho wa mkono. L lilikuwa sentimita 89, XL 92, XXL 94. Mimi nahitaji 97, na kifua changu ni cha L. Kwa hiyo kupanda saizi mbili kuliniongezea sentimita tano tu za mkono, zisizotosha, pamoja na gunia zima la hewa. Hewa hiyo haikai ikapata joto. Kila unapochuchumaa na kusimama, koti linaisukuma nje na kuvuta nyingine ya baridi. Kofia yake ikifungwa inakuzibia macho. Na suruali iliyopwaya, ukishavaa vyuma vya barafu kwenye buti, meno yake hunasa kitambaa cha mguu wa pili, na kujikwaa kwenye mteremko wa barafu ni jambo la kufa.

Suruali ina siri yake pia. Nguo za kupandia hushonwa na goti lililokwisha kukunjwa, ili mguu uinuke bila kuvutwa. Kwangu goti hilo linakaa juu ya goti langu, kwenye paja. Nikiinua mguu kukanyaga juu, kitambaa kinakaza vibaya, na kila hatua inakuwa na breki. Mimi mguu wa ndani, toka msamba hadi chini ya kifundo, ni inchi 37. Rab wana suruali za mguu mrefu, na ni kampuni ninayoiheshimu: aliyeianzisha Sheffield mwaka 1981, Rab Carrington, ni mpandaji wa hapa hapa Glasgow aliyejifunza kushona mabegi ya kulalia alipokuwa Argentina. Suruali zao ndefu zinanifikisha karibu, na inchi zilizobaki nazifunika kwa geita za kuvaa juu ya buti. Fjällräven wa Sweden nao wana suruali kadhaa zinazouzwa bila pindo, unakata mwenyewe kwa urefu wako. Wamarekani, L.L.Bean, Eddie Bauer na Columbia, wana saizi za warefu kabisa, ila ushuru wa kuagiza unaweza kukukata maini. Begi la kulalia angalia limeandikwa linachukua mtu wa sentimita ngapi. La kawaida huishia kwenye 183 hivi. Ukijilazimisha humo, nyayo zinakandamiza manyoya ya mwisho wa begi, na manyoya yaliyokandamizwa hayatunzi joto. Utaamka usiku ukidhani miguu si yako.

Koti ndilo lililonitesa zaidi, mpaka nilipokutana na mama mmoja wa Uvira, Kongo, anayeshona vitenge mtaa wa pili kutoka kwangu. Nilikuwa nimempelekea sweta la manyoya aniongezee mikono. Akaniona na lile XXL mwilini. Akaweka chini mkasi, akazunguka nyuma yangu, akashika kitambaa kilichozidi mgongoni kwa viganja viwili.

"Mutoto yangu, weye uko murefu, hauko munene. Juu ya nini walikuuzisha nguo ya mutu munene?"

Nilikuwa nimekaa Uskoti miaka mitatu, nimeongea na wauzaji wasiopungua sita, na huyo ndiye wa kwanza kuuona mwili wangu ulivyo. Nikamwambia basi Mama, nishonee na koti la mvua. Akakataa. Koti la mvua lina utando ndani, akasema, ukilipitisha sindano kila tundu ni njia ya maji, na yeye hana mashine ya kubandika utepe wa kuziba mishono kwa moto. Fundi anayekwambia asichokiweza ndiye wa kumkabidhi nguo.

Nilirudi nyumbani nikaanza kutafuta koti lisilotegemea utando. La kampuni ya Páramo ndilo nililopata. Hilo linafanya kazi kwa matabaka mawili: la nje linafukuza matone, la ndani linasukuma unyevu utoke mwilini. Kwa kuwa halina utando wa kutoboka, linashoneka kwa sindano na uzi wa kawaida bila kuharibika. Kisiwani Skye kuna karakana, Cioch, iliyojijengea jina kwa kushona makoti ya kitambaa hicho hicho kwa vipimo vya mtu mmoja mmoja. Ukiwa na uwezo, huko ndiko. Mimi sikuwa nao. Nilinunua mawili yaliyotumika, moja zima la saizi L na jingine lililochanika mgongoni, yote kwa pauni 80, nikampelekea Mama.

Alinisimamisha na kuniambia niinue mikono kama ninayepanda. Hicho ndicho kipimo ambacho hakuna duka limewahi kunichukua. Akapima mikono ikiwa juu, akaandika kwenye kipande cha gazeti: mia moja. Sentimita tatu zaidi ya ile 97, kwa ajili ya jiwe lililo juu ya kichwa. Akakata lile bovu, akaongeza mikono kuanzia kiwiko badala ya kuiongeza mwishoni, ili kiwiko cha koti kikae penye kiwiko changu. Mgongoni akashusha pindo kwa kiganja kizima. Rangi hazifanani, la kwangu ni buluu na viraka ni kijani kibichi, na nalipenda hivyo hivyo.

Mwezi Mei nilipanda treni tena kwenda Arrochar. Mvua ilikuwepo. Nilipenya tundu, nikasimama ukingoni, nikainua mikono yote miwili, na pindo likabaki makalioni, mikono ya koti ikabaki ndani ya glavu. Nikajivuta. Juu pale hakuna kitu, jiwe bapa lenye maji, lakini nilikaa mpaka mwenzangu akaniita.

Mdogo wangu ameanza kazi mlimani msimu huu. Ana sentimita 193. Juzi nilimpigia nikamwambia amwombe mama yetu amshikie futi, toka mfupa wa shingo, apite begani, mikono ikiwa juu. Nikamsikia mama akilalamika kwa nyuma kwamba anahitaji kigoda. Usiku akanitumia ujumbe: tisini na saba. Jumamosi nitakuwa kwa Mama wa Uvira na koti la mdogo wangu.