Siku moja maishani mwangu: mpishi wa shpetsle huku Swabia

Ndugu zangu wa Tanga wakisikia kwamba kazi yangu Ujerumani ni kupika tambi, huuliza kama hiyo nayo ni kazi. Wanawaza pakiti na sufuria ya maji ya moto. Leo nawaandikia Jumamosi yangu moja ya mwisho wa Aprili, ilivyokwenda, ili mjue mkono wa mpishi unapitia nini kabla sahani haijafika mezani.

Saa 1:00 asubuhi. Nafungua jiko la nyumba ya wageni ninakofanya kazi karibu na mji wa Bad Urach, chini ya milima ya Schwäbische Alb, huku Swabia, kusini-magharibi mwa Ujerumani. Nabandika mifupa ya supu, nawasha tanuri, napokea maziwa, nafuta meza.

Saa 1:45. Sasa unga. Shpetsle, ambazo Wajerumani huandika Spätzle, ni tambi fupi za mayai, na ndizo chakula cha Waswabia tangu enzi za mababu zao. Hazisukumwi wala hazikaushwi. Unga unabaki laini, mzito kuliko wa vitumbua. Ukiuinua kwa mwiko unavutika na kuchelewa kukatika. Kipimo changu ni kilo 1 ya unga, mayai 10, chumvi, na maji kidogo ambayo siyapimi kwa kikombe, nayatia kwa kuangalia. Napiga kwa mwiko wa mbao wenye tundu katikati mpaka mapovu yaanze kupasuka juu. Nusu ya unga wetu ni dinkeli, ngano ya kale ambayo bado inalimwa huku. Dinkeli haitaki nguvu nyingi: ukizidi kuipiga inalegea, na tambi zinakatikia majini. Mapovu ya kwanza yakitokea, naacha na kuupumzisha unga nusu saa.

Unga wa pili ni wa kijani, nao unangoja majani yafike. Huu ni msimu wa kitunguu saumu cha porini, Bärlauch, kinachoota kwa wingi chini ya miti ya misitu ya Alb. Nasaga majani mabichi pamoja na mayai, na hapo maji nayapunguza karibu yote, kwa sababu majani yana maji yake. Hilo ndilo jambo ambalo wengi hawalielewi kuhusu shpetsle za msimu: kuongeza rangi ni rahisi, kazi ni kurudisha unga kwenye uzito wake. Halafu moto unaua harufu ya majani, kwa hiyo naweka mengine mabichi pembeni, nayakatakata na kuyachanganya na siagi dakika ya mwisho.

Saa 2:30. Mkulima analeta kreti ya majani. Mwananchi anaruhusiwa kujichumia kiganja kimoja msituni kwa matumizi ya nyumbani, lakini kuchuma kwa biashara kunahitaji kibali, kwa hiyo sisi tunanunua. Napitisha kila jani mkononi, moja moja, kwa sababu yungiyungi wa bondeni ana majani yanayofanana nayo sana na yana sumu. Harufu haitoshi kunipa uhakika, maana baada ya muda vidole vyenyewe vinanuka kitunguu saumu. Naangalia kikonyo: kila jani la Bärlauch lina kikonyo chake. Kazi hii hula karibu saa nzima na hakuna mgeni anayeijua.

Saa 4:00. Adesi. Kilimo chake kilikuwa kimetoweka huku Alb katikati ya karne iliyopita, wakulima wakakifufua miaka ya 1980, na mwaka 2006 mbegu za aina ya zamani ya hapahapa zikapatikana kwenye hazina ya mbegu ya Taasisi ya Vavilov, St. Petersburg, Urusi. Kwa kweli nikiziosha nazionea fahari kama wenyeji. Siki naitia mwishoni kabisa, adesi zikiwa zimeshaiva. Ukiitia mapema hazilainiki.

Saa 6:00 mchana tulikuwa tunawangoja wageni 50 wa klabu ya matembezi, wazee, waliokuwa wameagiza chakula cha aina moja: adesi, shpetsle za kawaida na soseji. Ubao wa kukwangulia tambi tayari, maji yanachemka. Ndugu yetu wa Goma anayeosha vyombo ananiambia, “Dada, maji iko tayari.” Simu inalia: basi lao limekwama kwenye foleni barabara kuu. Nazima moto mmoja, narudisha unga kwenye jokofu. Unga wenye mayai mabichi hauachwi nje. Lakini ukikaa kwenye baridi unakaza, na kila ukikaza lazima niupige tena na kuutazama upya.

Walifika saa 7:20. Walipoketi, meza ya jirani ilikuwa inakula shpetsle za kijani zenye siagi. Karibu nusu yao wakataka hizohizo.

Unga wa kijani ulikuwa umebaki wa sahani tatu.

Kiongozi wao akaja mpaka mlango wa jikoni, saa mkononi. “Ni tambi tu,” alisema. “Zinachukua muda gani?” Mama mwenye nyumba akanitazama. Ningeweza kusema haziwezekani, na ingekuwa haki yangu. Nikamwambia dakika 40 kwa za kijani, na wanaotaka adesi wanakula sasa hivi. Alitikisa kichwa, akaenda, akarudi, akauliza tena kwa nini 40. Nikamwonyesha bakuli na mayai ambayo hayajavunjwa.

Nikachukua majani yaliyowekwa kwa ajili ya Jumapili. Nikasaga, nikapiga, nikaupumzisha unga dakika 20, na wakati huo nikawa nakwangua za kawaida. Hapa ndipo kazi ilipo. Mkono wa kushoto unashika ubao uliolowanishwa juu ya sufuria. Unapaka unga mwembamba mpaka ukingoni. Mkono wa kulia una kisu kipana, unakichovya kwenye maji yanayochemka, unakata uzi mwembamba wa unga na kuusukuma uanguke. Tena. Tena. Mvuke unapiga kifundo cha mkono wa kushoto muda wote, na huwezi kuusogeza. Tambi zinazama, zinapanda juu, nazitoa kwa kijiko cha matundu, ubao mwingine. Ukichelewa, za kwanza zinavimba wakati za mwisho hazijaiva. Kuna vyombo vya kukamulia vinavyomaliza kazi hii upesi, na nyumba nyingi huvitumia. Sisi tumeandika kwenye menyu kwamba zimekwanguliwa kwa mkono, kwa hiyo zinakwanguliwa kwa mkono, hata kwa basi zima lililochelewa.

Sikutazama saa tena. Bega liliwaka moto, baadaye likafa ganzi. Yule wa Goma aliacha vyombo vyake akawa ananibadilishia maji, kwa sababu yakijaa wanga tambi zinashikana. Sahani za kijani zilipotoka, hakuna iliyorudi na chakula. Kiongozi hakuja tena mlangoni.

Alasiri nilikaa nikala zangu, na vitunguu vya kukaanga juu, nikamsikiliza mama mwenye nyumba akipanga menyu ya mwaka. Majira ya joto tunaziacha nyeupe, na uyoga wa msituni. Vuli ni boga la aina ya Hokkaido, lililochomwa kwenye tanuri kwanza likauke, na maji kwenye unga hayaingii hata tone. Anataka pia unga wa njugu za chestnut. Nimemwambia usizidi robo, maana hauna gluteni, ile protini inayoshikanisha unga, na hautashika. Baridi ni shpetsle za maini ndani ya supu safi. Ananiuliza mimi kwanza siku hizi, nami nilisomea upishi miaka 3 hapahapa. Tangu 2012 Umoja wa Ulaya unalinda jina Schwäbische Spätzle: lazima zitengenezwe Swabia. Zangu zinatengenezwa Swabia, na mwanamke wa Tanga.

Jioni ilikuwa nyama ya ng'ombe na vitunguu, shpetsle za jibini, kawaida. Wageni wengi, mkono mzito.

Kabla ya kufunga nilimpigia simu mkulima kuagiza mengine badala ya majani ya Jumapili niliyoyatumia. Amesema maua yameshaanza kufunguka, na majani yakifikia hapo ladha inapungua. Ataleta kreti ya mwisho kesho saa 1:00. Kuanzia Jumanne unga wa kijani utakuwa wa spinachi, na kipimo cha maji itabidi nikitafute upya.