Jinsi Nilivyoipata Pete ya Shemeji Katika Mchanga wa Shela
Shemeji yangu alipoangusha pete yake ya dhahabu ufukweni Shela, kifaa changu cha kutambua metali kililia kila hatua, kwa sababu mchanga uliolowa maji ya chumvi hupitisha umeme na kukihadaa. Maji yalipokupwa, nilipunguza usikivu wake, kisha nikawa nakiinua na kukishusha juu ya mchanga mtupu, nikirekebisha mizani ya ardhi, yaani mpangilio unaokifanya kipuuze mchanga wenyewe, hadi kikanyamaza. Kosa langu kubwa, ambalo bado linaniuma, lilikuwa kukipanga kifaa kichuje, yaani kipuuze, vipande vya alumini, ilhali pete nyembamba ya dhahabu hutoa kwenye kioo cha kifaa namba zinazokaribiana na za vipande hivyo; nikabakiza kichujio cha kupuuza chuma pekee. Misumari yenye kutu ilitoa namba za kurukaruka, lakini mlio mmoja ulitulia kila nilipopitisha kifaa, kwenda na kurudi. Nilichimba shibiri moja, nikaiona pete.